ATI "MIA TANO, ANYAMAZE"! MIMI HUYU!

Wajameni niacheni niseme kabla sijapasuka. Nimefika nyumbani saa hii, sare sijavua, jasho halijakauka. Yule mama wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu (mwamjua, msijifanye) leo kanimaliza mbele ya kadamnasi. Hata mbuzi wa Idi husomewa bismillahi kwanza. Mie sikusomewa kitu.

Tulikuwa tunachangisha pesa za viti vya magurudumu vya watoto. Jambo jema, hapo sina neno. Beti mbili za mwanzo zikaenda sawa. Ubeti wa tatu ni wangu peke yangu. Miezi miwili naufanyia mazoezi bafuni, jikoni, mpaka kwenye feri ya Likoni, watu wananipisha wenyewe. Nafungua kinywa tu, stima ikapotea. Kinanda kimya. Nani akajitia kutupa nota kwa mdomo? Yeye! Wimbo tumeuzoea kwa F, yeye akatuanzishia kule juu wanakolala kunguru. Nikamfuata, ningefanyaje? Sauti ikakwaruza kidogo. Kidogo!

Akaishika ndoo ya michango, ile ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa mfuniko kwa kisu, akaja akasimama mbele yangu: "Mia tano tu jamani, anyamaze!" Na kipaza sauti hahitaji, koo lile ni honi ya feri.

WATU WAKATOA. Wakapanga na foleni. Mzee mmoja wa kanzu akatia noti ya elfu, akasimama kungoja chenji. Chenji! Mie naimba, maana kiitikio bado, na yule mama anamhesabia hapo puani pangu, mia, mia mbili, mia tatu... Mzee akazihesabu tena mwenyewe. Mia tano, anyamaze! Sauti ya tatu yote Mombasa imevuliwa nguo leo.

Nataka aniombe radhi mbele ya kwaya nzima, la sivyo sare naichoma.

Besi_wa_Tudor: Nilikuwepo. Haikuwa kidogo. Kunguru walihama mwembe.

MamaMabuyu: Swali moja tu, mwanangu. Ndoo ilijaa?

Mwenye uzi: Ilijaa. Ndilo linaloniuma.

MamaMabuyu: Basi mwakani wakupe beti zote, watoto wapate na gari.

Mtoro_wa_Likoni: Mie nilitoa mia tano na hukunyamaza. Nadai kwa nani?

Mwenye uzi: Wewe pia?? Na juzi nilikulipia tuktuk!

Alto_Kisauni: Afadhali wewe ulisikika kaka. Sie alto tulipangwa nyuma ya spika, na spika lenyewe halina stima. Sare nayo usiichome, nipe mimi. Yangu imechuja, kwapa mpaka saa hii ni kijani. Elfu moja mia nane hiyo!

Besi_wa_Tudor: Kijani si kitu. Mie fundi kanishonea shati mkono mmoja mrefu mwingine mfupi. Nikiinua mikono kusifu naonekana naita matatu.

Mwenye uzi: Jamani, hapa tunazungumzia MIA TANO ANYAMAZE. Mzee alihesabu CHENJI.

Mtoro_wa_Likoni: Chenji ni haki yake.

Alto_Kisauni: Hebu ngoja kwanza kaka, tutakurudia. Besi, fundi ni yule yule aliyetupima na uzi wa kushonea? Tulimpa mita tatu kila mtu. Mabaki alikurudishia?

Besi_wa_Tudor: Mabaki gani? Nimepita kibandani kwake juzi. Pazia la mlangoni ni sare yetu. Na mto wa kiti.

MamaMabuyu: Lo! Mie kwangu alisema kitambaa hakikutosha kola.