Debian kubeba fimwea isiyo huria: ni sawa?

Swali: Wakuu, tangu toleo la 12 (2023) la Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, diski rasmi ya usakinishaji inabeba fimwea (programu ndogo za kuendesha vifaa) isiyo huria. Mradi wa programu huria kugawa msimbo usiokagulika, ni haki kweli?

Jibu: Wanachama wa Debian walipiga kura kuiruhusu 2022. Bila fimwea, kadi nyingi za Wi-Fi haziwaki. Kinachonikera ni kuwekewa bila kuulizwa.

Jibu: Inazuilika. Kwenye menyu ya kuwashia ya diski hiyo ongeza `firmware=never`. Kama umeshasakinisha, futa neno `non-free-firmware` (ghala la fimwea hizo) ndani ya `/etc/apt/sources.list`, kisha endesha `apt update`. Vifurushi vilivyokwishaingia havitoki vyenyewe. Viondoe kwa `apt purge`.

Jibu: Ila `intel-microcode` (sasisho la msimbo wa ndani wa chipu za Intel) usiiondoe kwa pupa. Chipu ina msimbo wa siri tangu kiwandani; ukikataa sasisho unabaki na siri ileile, ya zamani, yenye matundu ya usalama. Uhuru hujaongeza hata chembe.