Natafuta kaunsela wa kunisaidia kumsamehe kakangu, ikiwezekana wiki hii

Nyota_ya_Zimma: Hamjambo wanajukwaa. Nielekezeni kwa kaunsela mzuri hapa Nairobi, upande wa Thika Road kama yupo, anayejua mambo ya kusamehe. Kakangu mkubwa alinikosea na tangu hapo sina usingizi. Simu yake ikiita tumbo linanikata. Nataka kumaliza jambo hili kabla ya Jumamosi. Tafadhali msinitukane.

Makanga_Mstaafu: Kabla ya Jumamosi? Dada, hata fundi wa nguo pale Githurai hukwambia urudi baada ya wiki mbili, na bado unakuta zipu haifungi.

Mama_Maombi: Mwanangu, wewe unahitaji magoti. Mume wangu alihama na mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, akarudi na kikohozi na mkoba mtupu. Nilimpokea, nikampikia uji. Leo ni shemasi. (Yule mpangaji bado ana kodi yangu ya miezi.)

Msomi_wa_Kahawa: Tujibu swali jamani. Tangu sheria ya 2014, kaunsela anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia. Mwombe leseni bila haya. Kituo cha ushauri cha Amani, pale Mbagathi Way, wako kazini tangu 1979. Pia uliza vyuo vinavyofundisha ushauri nasaha, mara nyingi wanafunzi huhudumia kwa bei nafuu chini ya msimamizi. Lakini wa maana hatakuahidi Jumamosi. Robert Enright, Mmarekani aliyelichunguza suala la kusamehe kwa miaka mingi, anaanza na hasira: itoe kwanza uione, ndipo uamue. Kwani kaka alifanya nini?

Nyota_ya_Zimma: Mambo ya kifamilia tu.

Msomi_wa_Kahawa: Kunyimwa chapati pia ni mambo ya kifamilia.

Nyota_ya_Zimma: Haya. Wazazi wote wametangulia. Shamba liko Murang'a. Kaka alienda kwa chifu akachukua barua ya urithi, na kwenye orodha ya watoto jina langu halimo. Ni kama sikuzaliwa. Notisi ilitoka Jumatano kwenye gazeti rasmi la serikali na siku za kupinga zinaisha Jumatatu. Jumamosi ni ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yake, na mimi ndiye shangazi wa kuwapanga wasichana wakifunikwa leso. Nimeshamwambia sitapinga. Nguo nimeshashona.

Wakili_wa_Kibanda: Kumbe! Dada, acha kaunsela, tafuta wakili. Sheria ya Urithi, kifungu cha 38: wazazi wakiwa wameondoka wote, watoto wanagawana sawa, wa kike kwa wa kiume. Peleka pingamizi kwenye mahakama iliyotajwa kwenye notisi. Hata ukichelewa, kifungu cha 76 kinaruhusu hati ya urithi kufutwa ikiwa mtu alificha jambo kubwa. Na kumficha dada ni jambo kubwa.

Nyota_ya_Zimma: Haki zangu nazijua. Ila huyu ndiye aliyenilipia karo kuanzia kidato cha kwanza, na sina ndugu mwingine. Nikishamsamehe, kupinga kwa nini tena? Niliomba kaunsela, sikuomba wakili.

Msomi_wa_Kahawa: Enright huyo huyo anasema unaweza kumsamehe mtu na bado ukamdai haki yako. Kaunsela wa kukusukuma uachilie shamba kabla ya Jumatatu, mkimbie.

Kijicho_Pembe: Ngojeni kidogo. Gazeti rasmi la serikali hutoka Ijumaa, Jumatano imetoka wapi? Hii imepikwa. Mwezi jana kuna aliyeleta hadithi hii hii, shamba likiwa Kisii na mkosaji akiwa mjomba. Mwishowe akabandika namba ya kaunsela wake.

Makanga_Mstaafu: Tulieni, namba inakuja saa hii.

Mama_Maombi: Nimeshamtaja mbele za Bwana! Kama ni uongo mniambie nimtoe kwenye orodha ya maombi.

Nyota_ya_Zimma: Jumatano ndiyo siku binamu alinitumia picha ya notisi kwa WhatsApp. Sina namba ya mtu yeyote, ndiyo maana nikauliza. Kaka amepiga sasa hivi, anataka niende Jumamosi na ile sufuria kubwa ya marehemu mama, iliyobanduka mkono mmoja. Shamba hakulitaja.

Wakili_wa_Kibanda: Kijicho, kabla hujamtundika mtu piga hesabu. Siku 30 za kupinga kutoka Ijumaa zinaangukia Jumapili, mahakama imefungwa, unaingia Jumatatu. Tarehe zake zinaingiana.

Kijicho_Pembe: Au amesoma vizuri kabla ya kupika.

Mama_Maombi: Mwanangu, ruracio nenda. Sufuria iache kwako Zimmerman.

Binti_Kayole: Samahani kwa kuingilia. Hapo Mbagathi Way lazima upange siku au unaenda tu? Yangu ni ya mama mkwe, na mimi sina haraka.