Naomba ushauri: nahamia Dodoma, vijana ninaowafundisha hesabu nitawaachaje?

Habari zenu wakuu. Kila Jumamosi nafundisha hesabu kwa kujitolea hapa Mbagala, vijana wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani wa NECTA wa Novemba. Silipwi, lakini sijawahi kufanya kazi inayonipa raha kama hii. Binti aliyekuwa akijificha viti vya nyuma sasa anashika chaki, anawaelekeza wenzake milinganyo. Siku ya namna hiyo narudi nyumbani moyo mweupe kabisa. Hata woga wangu wa kuongea mbele za watu umekwisha.

Sasa nimepata ajira Dodoma, naripoti mwezi ujao. Waliopitia haya, nimwachie nani darasa, na nimwandaeje? Kufundisha kwa WhatsApp kutafaa kweli, maana wengi hawana simu?