Programu za sauti fiche moja baada ya nyingine: nipumzike siku ngapi katikati?

Mwanagenzi: Habari wanajukwaa. Nina programu tatu za sauti fiche, yaani rekodi zenye maneno yaliyofichwa usiyoyasikia waziwazi, mfano chini ya muziki au sauti ya mvua: kujiamini, kumbukumbu na usingizi. Kila moja ni ya mwezi mzima, saa moja kwa siku. Niache siku ngapi kabla ya kuanza inayofuata? Na nikicheza mbili usiku mmoja, zitagongana?

Fundi Sauti: Ndugu, anza na faili lenyewe. Zile zinazoitwa za kimya hupandisha maneno hadi kilohezi 14 na kuendelea, sauti nyembamba sana ambayo sikio huipata kwa shida. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukata karibu na kilohezi 16, na maneno yaliyofunikwa na muziki au mvua ndiyo hutupwa mapema, maana MP3 imeundwa kuacha kile ambacho sikio halikipati. Kama yako ni ya kimya, fungua faili kwenye Audacity (programu ya kompyuta ya kuhariri sauti), geuza mwonekano uwe spektrogramu, yaani picha ya sauti nene chini na nyembamba juu, utazame sehemu ya juu. Pakiwa patupu, unasikiliza mvua tu. Usijaribu kufidia kwa kupandisha sauti: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukifika 90 zinabaki saa 4.

Mama Vipimo: Suala la mapumziko linakuja baadaye sana. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake walichapisha jaribio la kanda za kumbukumbu na za kujithamini ambapo baadhi ya lebo zilibadilishwa, ya kumbukumbu ikaandikwa kujithamini na kinyume chake. Baada ya mwezi, ujumbe uliofichwa haukuonyesha athari yoyote, lakini zaidi ya theluthi moja waliamini wameboreka katika kile kilichoandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo hakuna cha kugongana.

Ukitaka kujipima kwa haki, mtu mwingine akupe ama programu ya kumbukumbu ama mvua tupu ya urefu uleule, bila kukuambia ni ipi, kisha mwezi wa pili akupe ile nyingine. Kila wiki soma maneno 20, subiri nusu saa, andika unayokumbuka. Orodha iwe mpya kila mara; ukirudia ileile, mwezi wa pili utaonekana bora kwa sababu ya mazoezi tu, na hapo ndipo wanaofuata programu kwa zamu hudanganyika.

Mwanagenzi: Na ya usingizi?

Mama Vipimo: Weka kipima muda izime baada ya dakika 30, sauti inayocheza usiku kucha inaweza kukukatiza usingizi. Kama hulali vizuri kwa miezi mitatu sasa, muone daktari na uulizie tiba ya mazungumzo na tabia kwa kukosa usingizi. Hiyo ina ushahidi.