MREJESHO: mtoto wangu aliyeshuka sukari siku ya kwanza

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu mwanangu aliyezaliwa sukari ikasoma 1.4 mmol/L, yaani chini sana, wife alikuwa na kisukari cha mimba, nikaogopa ubongo utaathirika. Asanteni mliojibu.

Basi akawekewa dripu ya dextrose 10% (maji ya sukari), kila saa chache wanamtoboa kisigino hadi kikajaa vidoti kama kaumwa na mbu, mara 2.9 mara 2.2, siku ya tatu ndo ikatulia juu ya 2.6 bila dripu. Daktari akasema sukari ya mama inapita kondo la nyuma lakini insulini yake (homoni ya kushusha sukari) haipiti, kwa hiyo mtoto anatengeneza yake nyingi, kitovu kikikatwa sukari inakata ila insulini bado ipo kibao, ndo anashuka. Kinachotisha zaidi ni ikikaa chini muda mrefu au apate degedege, na mara nyingi inaumia sehemu ya nyuma ya ubongo, ya kuona. Wetu hakupata degedege.

Kinachoniuma, alikuwa analala tu hanyonyi na sisi tunasifia eti mtoto mpole, kumbe ndo dalili ya sukari kushuka!

Sasa ana miezi minne, anafuata sura kwa macho, anacheka, kliniki bado wanamfuatilia.