Kuchapa upya komiki ya zamani: toleo moja moja au kitabu kimoja? Na mhusika nimfanyeje?

kalamu_nyeusi
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wanaojua uchapaji na mikataba. Komiki ni ya Kiswahili, matoleo 8, kila moja kurasa 24 za ndani, saizi A5, ndani nyeusi na nyeupe, jalada la rangi, imebanwa kwa pini. Matoleo yote yameisha na wasomaji wanaulizia.

Hali ya malighafi: toleo la 4 hadi la 8 faili zipo kamili. La 3 zipo kurasa za awali za wino kwenye karatasi. La 1 na la 2 zimebaki nakala zilizochapwa tu, pamoja na picha zinazozunguka WhatsApp.

Nirudie moja moja au niunganishe kitabu? Nipake rangi? Nakala ngapi? Halafu kuna kampuni inataka kununua "haki zote" za mhusika watengeneze katuni za video, na hadithi yenyewe haijaisha. Niko Dar.

fundi_pleti
Mkuu, unganisha kitabu. Kwa kurasa za ndani tofauti ya pleti (bamba linalopiga wino; kila rangi ina lake, rangi kamili ni nne) ni ndogo. Gharama iko kwenye majalada na umaliziaji: hata ukipanga majalada manne kwenye karatasi moja ya A2, bado ni pleti 8, na kukunja, kupiga pini na kukata ni kazi nane tofauti. Na komiki ya pini haina mgongo. Dukani ikiegemezwa kwenye shelfu haionekani, inalazwa chini ya rundo.

Hesabu ya kitabu: 24 × 8 ni kurasa 192. Majalada ya zamani yaweke ndani kwa nyeusi na nyeupe, kila moja na nyuma yake wazi, hizo ni 16, unafika 208. Ongeza 8 za mbele na nyuma kwa jina la kitabu, haki, utangulizi na michoro ya rasimu: 216. Faida nyingine ya kuweka jalada na nyuma yake ni kwamba kila toleo linaendelea kuanzia kulia kama mwanzo, hivyo ile kurasa ya mshtuko uliyoificha mpaka msomaji afunue inabaki mahali pake. Ukiingiza kurasa moja tu ya ziada katikati, kila kitu kinahama upande na mshtuko unaonekana kabla ya wakati.

Mashine ya A2 inabeba kurasa 8 za A5 kila upande, 16 kwa karatasi. 216 ni fomu (karatasi kubwa ya kurasa 16) 13 na nusu. Fomu 13 ni pleti 26. Ile nusu inapigwa kwa pleti moja, karatasi inageuzwa na kupigwa tena kwa pleti ileile, ikikatwa unapata nakala mbili. Jumla pleti 27, na 4 za jalada, 31. Ukisema rangi ndani, 27 zinakuwa 108. Hapo ndipo swali la rangi linapojijibu. Kama kiwanda kina mashine ndogo aina ya GTO 52, ambazo mtaani ndizo nyingi, inabeba kurasa 4 tu kila upande, kwa hiyo pleti za ndani ni 54. Uliza mashine kabla ya kuuliza bei.

Idadi: kila fomu inakula karatasi 100 hadi 150 za kurekebishia wino kabla nakala ya kwanza nzuri haijatoka. Ukipiga 1,000 hiyo ni kama asilimia 10 hadi 15 ya karatasi. Ukipiga 300 ni theluthi hadi nusu. Chukua gharama zisizobadilika (pleti, maandalizi, karatasi hizo za kupotea), gawa kwa tofauti ya bei ya nakala kati ya dijitali (mashine isiyotumia pleti) na ofseti (ya pleti). Tuseme kwa mfano maandalizi ni shilingi 1,500,000, dijitali inakugharimu 7,000 kwa nakala na ofseti 4,000: 1,500,000 ÷ 3,000 ni 500. Chini ya 500 piga dijitali. Weka namba za kiwanda chako, usichukue hizi zangu.

Kitakachokusumbua hasa ni upande wa mgongo. Komiki ya pini yenye kurasa 24 inafunguka yote, kwa hiyo viputo vya maneno vinaweza kukaa milimita 5 kutoka kwenye mkunjo. Kitabu cha gundi cha kurasa 216 kinameza milimita 8 hadi 10 kila upande. Neno la mwisho la kiputo linazama mgongoni. Punguza mchoro mzima hadi asilimia 93 hivi na uusogeze kuelekea nje, au toa kitabu kipana kuliko A5. Mchoro uliotanda kurasa mbili za katikati (12 na 13) nao ulikuwa salama kwenye pini, sasa utavunjika. Ugawe kwa kuacha pengo, uso wa mtu usikae kwenye mkunjo.

Gundi ya moto ya kawaida kwa joto la pwani inalegea, hasa kitabu kikiachwa ndani ya gari. Omba fomu zishonwe kwa uzi kisha zitiwe gundi. Inaongeza gharama, lakini kurasa hazidondoki. Karatasi gramu 80; gramu 60 weusi uliojaa unaonekana upande wa pili. Kwa gramu 80 mgongo utakuwa kama milimita 11, ila usipange jalada mpaka upime karatasi halisi itakayotumika.

skana_safi
Nijibu upande wa malighafi. Picha za WhatsApp sahau. A5 kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, ukiweka milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, inatakiwa iwe pikseli 3638 × 5102. Picha ya WhatsApp ambayo upande wake mrefu ni pikseli 1600 inakupa dpi 190 hivi kwenye A5, tena imeshabanwa, kila mstari una vumbi la kijivu pembeni. Programu za kukuza picha zitakulainishia mistari lakini zitabuni herufi, na msomaji ataona.

Toleo la 3: skani kurasa za wino kwa kijivu, dpi 600, usiskani moja kwa moja kwa nyeusi na nyeupe kwa sababu skana itakata mistari myembamba yenyewe. Ukishakuwa na kijivu, kuza hadi dpi 1200, ndipo ukate kuwa nyeusi tupu na nyeupe tupu. Hifadhi TIFF (faili isiyopoteza ubora). JPEG hapana.

Kama kuna penseli ya bluu chini ya wino, skani kwa rangi na utumie chaneli ya bluu (sehemu ya picha inayobeba mwanga wa bluu peke yake), penseli inapotea. Ila karatasi ikiwa imekuwa ya njano, chaneli ya bluu inaufanya unjano uwe giza, na chaneli nyekundu ndiyo inayoung'arisha. Vyote viwili vikiwepo, chagua kwanza bluu kwa rangi yake uifute, halafu chukua chaneli nyekundu. Kosa la hapa linaonekana kama madoa ya chai kwenye mbingu nyeupe.

Toleo la 1 na la 2: tafuta nakala mbili au tatu za kila toleo. Ng'oa pini ukurasa ulale bapa. Weka karatasi nyeusi nyuma ya kila ukurasa unaposkani, la sivyo mchoro wa upande wa pili unachungulia. Mistari itatoka vizuri. Tatizo ni vivuli vya vidoti: ukichapa vidoti juu ya vidoti unapata mawimbi kama ya chandarua kilichokunjwa. Skani kwa dpi 1200, tenga vivuli kwenye tabaka lake, vifute na uweke vipya. Mistari usiiguse kwa kichujio cha kuondoa vidoti, itafifia. Pale wino ulipokosekana kwenye nakala moja, ziba kwa kipande cha nakala nyingine.

Maneno ya kwenye viputo andika upya yote kwa fonti uliyo na leseni yake, wino mweusi peke yake. Faili ya RGB (rangi za skrini) ikigeuzwa kiholela kwa ajili ya jalada, weusi wa herufi unakuwa mchanganyiko wa rangi nne, pleti zikitofautiana kidogo tu unaona herufi zina kivuli chekundu.

mikataba_kwanza
Kabla ya pleti, jibu hili: nani aliandika hadithi? Nani alichora majalada? Kama kuna mwenzako na hamkuandikiana, mpate asaini sasa, kitabu hakijatoka. Kikishauza mazungumzo hubadilika.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki yako ilianza ulipochora, na inadumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa. Usajili wa COSOTA (ofisi ya hakimiliki) unakupa ushahidi. Jina na sura ya mhusika vinalindwa vizuri zaidi ukisajili alama ya biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara): miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kila miaka 10. Unalipia kwa daraja: 16 ni machapisho, 41 burudani, 25 nguo, 28 vifaa vya kuchezea. Anza na 16 na 41. Zanzibar ina usajili wake, BRELA haifiki huko.

ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kitabu hiki ni chapisho jipya, kina ISBN yake; ukirudia kukichapa baadaye bila mabadiliko, namba inabaki ileile.

Kuhusu hao wa "haki zote": mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza Superman kwa dola 130. Wewe usiuze, kodisha. Wape katuni za video peke yake, kwa Kiswahili, kwa muda. Kwanza miezi 12 ya kujaribu kutafuta fedha, kwa malipo yasiyorudishwa. Wakishindwa haki inarudi bila barua wala kikao. Vitabu, fulana na lugha nyingine vibaki kwako.

Na kifungu cha "haki zitarudi kitabu kikiisha sokoni" kiogope. Alan Moore na Dave Gibbons walikuwa nacho kwenye komiki yao Watchmen. Kitabu hakikuisha sokoni, haki hazikurudi. Siku hizi faili ikikaa tu kwenye duka la mtandaoni, kitabu "kipo sokoni". Andika namba: zikiuzwa chini ya nakala 100 ndani ya miezi 12 mfululizo, haki zinarudi.

muuza_vitabu_kkoo
Fundi amekuonyesha njia ya 1,000. Mimi nasema anza na 300 za dijitali, hata kama kila nakala ni ghali. Kitabu hicho ni gramu 285 hivi. Nakala 1,000 ni kilo 285 za maboksi zinazokaa chumbani kwako kwenye unyevu wa Dar. Maduka yanachukua kwa mali kauli, yanakata asilimia 30 hadi 40, na hela inakuja yakishauza. Bei ya jalada isipofika walau mara tatu ya gharama ya uchapaji, nakala ya dukani haitakuachia cha maana. Wanaoulizia waambie walipie kabla. Wanaolipa ndio wasomaji, wengine ni salamu.

Rangi ngoja. Jeff Smith alimaliza komiki yake Bone kwa nyeusi na nyeupe, 1991 hadi 2004, toleo la rangi likaanza 2005 kwa mchapishaji mwingine. Rangi ni haki ya kukodisha baadaye.

Kuhusu mhusika, maliza hadithi. Kitabu cha matoleo 8 kisicho na mwisho kinauzwa kwa wanaokujua tu. Toleo la 9 na la 10 yaingie kitabu cha pili, lisitoke la pini tena, maana litawachanganya walionunua kitabu. Na andika matakwa yako wakati bado unaweza. Hergé hakutaka mtu mwingine aendeleze komiki yake Tintin, akafariki 1983, na mpaka leo hakuna kitabu kipya cha wachoraji wengine kilichoidhinishwa. Asterix, mhusika wa komiki ya Kifaransa, aliendelea, na tangu 2013 vitabu vinafanywa na watu wengine. Njia zote mbili ni halali, ila isiwe warithi wanabahatisha. Ukichagua kuendelezwa, chora karatasi ya mhusika: mbele, ubavu, nyuma, urefu wake kwa idadi ya vichwa, na maneno ambayo hawezi kuyatamka.

kalamu_nyeusi
Nashukuru sana wakuu. Hadithi na majalada yote ni yangu. Nakwenda na 300 za kulipiwa kabla. Swali la mwisho: kabla ya kuruhusu zipigwe, nikague nini? Na jalada lipigwe plastiki?

fundi_pleti
Omba dami (nakala ya mfano) iliyofungwa, kwenye karatasi ileile, sio PDF. Ifungue katikati kabisa, kurasa za 108 na 109, usome viputo vya ndani bila kuivunja mgongo. Halafu tafuta kurasa yenye weusi mwingi uishike kwenye mwanga. Kisha hesabu kurasa moja moja, fomu zikipangwa vibaya kosa liko kwenye nakala zote 300.

Plastiki ya kawaida upande mmoja kwa unyevu wa pwani inalipinda jalada kwenda nje: karatasi ya ndani inavuta maji inatanuka, plastiki haitanuki. Chukua jalada la gramu 300 na plastiki ya nailoni inayopitisha unyevu. Kama hawana, vanishi inatosha.