Matumbawe yanakufa, samaki wazima: au ni shaba?

Ndugu zangu, naomba ushauri. Niko Lubumbashi, nina tangi la maji ya bahari la lita 200 sebuleni, mwezi wa nane sasa. Vipimo ni vya kawaida: chumvi 1.025, joto 26, naitreti (mabaki ya uchafu wa samaki) kama 10. Umeme ukikatika pampu inahamia kwenye betri, kwa hiyo sidhani ni hilo.

Wiki tatu zilizopita matumbawe laini yalianza kujikunja, hayafunguki hata taa ikiwaka. Lile gumu lenye matawi linababuka kuanzia chini: nyama inachunika kama ganda la nyanya iliyochemshwa, unabaki mfupa mweupe. Konokono sita wamekufa. Samaki wawili wanakula utafikiri hakuna msiba!

Hapo ndipo niliposhtuka, maana shaba huua matumbawe na konokono kabla ya samaki. Maji ya kuongezea nayalaza kwenye pipa usiku kucha. Jana nimelifunua, nikakuta kiungio cha mpira wa maji, cha shaba ya njano, kimeota kutu ya kijani. (Msinicheke, najua naishi mji wa migodi ya shaba.)

Nimekitoa na kubadili robo ya maji kwa maji ya chupa, mfuko umelia. Je, robo inatosha? Makaa ya kuchujia yatavuta shaba, au kuna kitu kingine? Kinachonitisha zaidi ni mawe ya chokaa yaliyomo tangini: chokaa hunyonya shaba, kisha huiachia polepole. Niyatupe? Na kama yupo wa hapa mwenye kipimo cha shaba, aniazime, nitamfuata hata leo jioni.